Mafundi Weusi wa Mama Kichaka

Saa sita mchana, kila aliyepata kivuli amejibanza kivulini. Mama Kichaka yuko juu ya stuli, uso umeelekea ua moja la pasheni ambalo bado limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

Haligusi. Analisubiri. Nyuma yake, kwenye mabenchi ya kituo cha afya, wajawazito na akina mama wenye vichanga nao wanasubiri zamu zao. Mmoja anamnong'oneza jirani yake, anataka kujua kama na huyu wa kwenye stuli amekuja kliniki.

Ua linaanza kufunguka. Petali nyeupe zinarudi nyuma taratibu, nyuzi za zambarau zinajitandaza. Mama Kichaka anainua kidole kuomba kimya. Kutoka upande wa nguzo za kibanda inasikika sauti nzito, kama pikipiki inayopita mtaa wa tatu.

“Huyo,” anasema kwa sauti ya chini. “Fundi anaingia kazini.”

Nyuki mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, anatua katikati ya ua na kujichimbia. Anapotoka, mgongo umejaa unga wa manjano, kama mtu aliyeegemea ukuta ambao chokaa yake haijakauka. Bila kujipangusa anakwenda ua la pili, na la tatu. Mama Kichaka anashuka kwenye stuli, anajifuta jasho kwa upindo wa khanga, anacheka peke yake.

Ana haki ya kucheka. Msimu uliopita, maua haya haya yalifunguka, yakanyauka na kudondoka bila kuacha tunda, na kazi yake ilibaki kidogo iondoke nayo.

Huu ni mwaka wake wa kumi na moja kama mtunza bustani wa kituo hiki. Jina la Mama Kichaka alibandikwa na wauguzi, walipoona anang'oa nyasi za mapambo alizozikuta na kuacha vitu ambavyo wao walivijua kama magugu: kivumbasi, mgagani, marejea yenye maua ya njano, mishubiri ya porini. Mengine aliyatoa kando ya barabara, mbele ya tingatinga lililokuwa likija kuparua, akayabeba kwenye karai kichwani.

“Walikuwa wananicheka,” anasema. “Sasa nikiitwa jina langu la kwenye kitambulisho, nageuka kutazama anaitwa nani.”

Mimea hiyo imepandwa kwa mpango. Kivumbasi kinapochoka, marejea yanaanza. Marejea yakikauka, mshubiri unachomoza shina lake jekundu. Ni mimea ya hapa hapa, haidai mbolea wala dawa, na wadudu wa hapa wanaijua. Ukisimama pale asubuhi utahesabu vipepeo mpaka uchoke, na ndege wadogo wenye midomo mirefu wanagombania mshubiri kama abiria wanaogombea kiti.

“Mgeni wangu asikute meza tupu,” anasema. “Akikuta tupu leo, kesho hapiti hapa.”

Katikati ya bustani kuna kibanda cha kivuli, nguzo na waya, na juu yake imetambaa mipasheni. Wagonjwa hupumzika chini yake. Matunda yake huenda jikoni, na kila mama anayejifungua hapa hupewa glasi ya juisi kabla hajaombwa kusaini chochote. Ni jambo dogo, lakini wanawake wa mitaa ya jirani hulitaja wanaposimulia walivyojifungua.

Shida iliingia kwa njia ya upendo. Mume wa Mama Kichaka ni seremala. Miaka yote amekuwa na adui mmoja, nao ni hao nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao na kutengeneza vyumba ndani yake. Kila kenchi ya paa aliyopandisha, kila mlango alioegesha nje ya karakana, wao walifika kuukagua. Silaha yake ilikuwa oili chafu ya magari, aliyoipaka kwa brashi mpaka mbao zikawa nyeusi kuliko wao.

Mkewe alikuwa akilalamika kwamba nguzo za kibanda zimeoza. Siku moja mzee alifika kituoni na mkokoteni wa nguzo mpya, zilizopigwa randa na kupakwa oili mara mbili. Akazing'oa za zamani, akasimamisha mpya, za zamani akazirudisha nyumbani kuwa kuni. Kazi yote hiyo aliifanya bure.

“Nilijivuna,” anasema Mama Kichaka. “Nilizunguka na wauguzi mmoja mmoja nikawaonyesha. Nikawaambia, tazameni mume.”

Karakanani mume wake, akinoa patasi, anaongeza bila kuinua uso: “Na ugali tulipika na nguzo hizo karibu mwezi mzima. Moto mzuri kweli.”

Msimu uliofuata maua yalikuja kwa wingi na hayakufunga matunda. Mama Kichaka alimwagilia, akaongeza samadi, akapogoa. Hakuna tunda. Alipomwita bwana shamba, kijana huyo alikaa chini ya kibanda mchana kutwa, kisha akamuuliza swali moja: wale nyuki wakubwa wako wapi?

Alimweleza kwamba ua la pasheni ni refu kwa nyuki mdogo. Mdogo huingia, hubeba chavua, huondoka bila kugusa panapotakiwa. Anayefaa ni yule mnene, anayejaza ua zima kwa mgongo wake. Kuthibitisha, alimwachia brashi laini. Maua machache aliyoyapaka chavua kwa mkono mchana huo yalifunga yote. Lakini ua la pasheni hufunguka kwa mchana mmoja tu, na kibanda kizima hakiwezi kuchavushwa na mwanamke mmoja mwenye brashi na ndoo za kumwagilia.

Jioni ile alirudi nyumbani, akasimama mbele ya rundo la kuni lililobaki. Akaokota kipande cha nguzo ya zamani. Kilikuwa na matundu ya mviringo, safi kama yamechorwa.

“Nikamwambia, Baba Mapacha, tumewapika mafundi wangu.”

Seremala anakumbuka kwamba hakulala vizuri. “Mimi nilimjengea mke wangu. Kumbe nimemvunjia.”

Wakati huo uongozi wa kituo ulikuwa umechoka. Daktari mfawidhi, mwanamke mpole mwenye haraka, anakiri kwamba yeye ndiye aliyependekeza bustani iondolewe na eneo lote liwekwe vitofali vya kukanyagia. Wageni walikuwa wakilalamika kwamba kituo kinaonekana kimetelekezwa.

“Mimi sina ugomvi na maua,” anasema. “Lakini mgonjwa akiona kichaka getini, anafikiri na dawa zetu zimeota magugu. Zamani nilikuwa na jibu, nawaambia subirini juisi. Juisi ilipokosekana, ningewaambia wasubiri nini?”

Bustani ikiondoka, kazi iliyokuwa ikibaki ni ya kufagia, na wafagiaji tayari wapo. Mama Kichaka alijua hilo. Aliomba msimu mmoja. Akaahidi mbele ya kamati kwamba mipasheni isipozaa, panga la kwanza litakuwa la kwake.

Kisha akaanza kuwatafuta nyuki ambao hakujua kama bado wapo.

Walipatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama. Mlinzi wa getini, anayemwita Mama Kichaka shemeji na kumtania tangu siku ya kwanza, siku ya kubadilisha nguzo alijichukulia gogo moja la zamani akalifanya kiti. Gogo hilo ndilo pekee lililokwepa jiko likiwa zima.

“Lilikuwa linavuma,” anasema mlinzi. “Nikikaa, linavuma. Nilidhani ni tumbo langu. Nikaacha maharage wiki nzima, bado linavuma.”

Alipoinama kutazama chini, akaona tundu na kichwa cheusi kikimtazama. Hakumwambia mtu. Anasema aliogopa nyuki, lakini aliogopa zaidi kunyang'anywa kiti. Wakaelewana wao wenyewe: yeye asikae kwa kishindo, na wao watumie mlango wa nyuma.

Siri ilitoka siku Mama Kichaka alipokaa pale kupumzika. Mlinzi anasimulia kwamba shemeji yake aliinuka ghafla, akapiga magoti kwenye vumbi la getini akiwa na sare yake, akaweka sikio kwenye gogo kama muuguzi anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Aliponyanyuka, macho yalikuwa na machozi.

Hata hivyo mlinzi hakulitoa bure. Alidai kiti chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Seremala alikitengeneza kwa mbao alizokuwa amezitunza kwa kabati la mteja, na mteja akaambiwa asubiri.

Gogo lilihamishwa alfajiri, kabla wenyewe hawajatoka, likiwa limefungwa gunia bichi. Mama Kichaka alishika mbele, mumewe nyuma, mwendo wa bibi harusi. Walilifunga chini ya kibanda, upande usionyeshewa mvua.

Siku za mwanzo hazikutia moyo. Nyuki walitoka kwenye gogo na kurudi getini kutafuta nyumba yao, wakawa wanamzunguka mlinzi kwenye kiti chake kipya. “Wananidai,” alikuwa akiwaambia wagonjwa. Mama Kichaka hakuwafukuza. Aliweka vyungu vya kivumbasi getini, akavisogeza kidogo kidogo, kila siku hatua chache, mpaka vikafika kibandani. Mmoja mmoja, wakahama.

Lililobaki lilikuwa la seremala. Gogo moja lisingetosha, na nguzo zake nzuri hakuna nyuki aliyezigusa. Ilibidi fundi anayejulikana kwa kazi isiyooza atafute mbao laini, kavu, zisizo na dawa wala rangi, azifunge kwenye kibanda na kuziacha zichakae. Anasema mkono ulikataa. Mara mbili mkewe alimkuta anataka kuzipiga randa.

“Nikamwambia, hao ni mafundi wenzako,” anasema Mama Kichaka. “Waachie na wao kazi ya kufanya.”

Leo, chini ya majani, pasheni zimening'inia. Nyingine bado kijani na ngumu, nyingine zimeanza kugeuka rangi. Wiki hii daktari mfawidhi alipita, akainua jani, akainua jingine, akazunguka kibanda kizima mikono ikiwa nyuma. Mama Kichaka alisimama na mpini wa jembe, akimfuata kwa macho.

“Vitofali vitawekwa nyuma ya stoo,” daktari alisema mwishowe. “Gari la wagonjwa linazama kule mvua zikinyesha.” Kisha akauliza kama anaweza kupata mche wa kivumbasi wa kupanda kwake.

Sasa Mama Kichaka anataka kuvuka barabara. Mkabala na kituo kuna shule ya msingi yenye uwanja mtupu, na mwalimu mkuu amekwishakubali mimea ipandwe kando ya ukuta mmoja. Mbegu za marejea zinakaushwa kwenye ungo. Mume wake ameahidi nguzo. Mlinzi amesema wasimhesabu, kiti chake hakitoki.

Kabla ya jioni seremala anafika kituoni kumchukua mkewe. Anapita chini ya kibanda, anasimama. Juu ya kiatu chake kumeanguka unga wa mbao, mweupe, mpya. Anatazama juu. Kwenye mbao aliyoifunga mwenyewe kuna tundu la mviringo ambalo jana halikuwepo, na ndani yake fundi mweusi anachimba.

Anakagua ukingo wa tundu kwa ncha ya kidole, kama anavyokagua kazi za vijana wa karakana.

“Yuko vizuri,” anasema, na anaondoka bila kupangusa kiatu.