Ufagio wa Mama

Juzi mjukuu wangu alikuwa amekaa barazani kwetu Kizwite, anacheza gemu kwenye simu. Kila alipogusa kioo, nyumba moja iliporomoka. Nikamwambia sipendi michezo ya kubomolea watu nyumba. Akacheka.

"Bibi, hili ni gemu tu. Nikianza upya zinarudi zote."

Hata mimi niliamini hivyo nilipokuwa mtoto, mchana ule wanaume walipopanda juu ya paa letu wakaanza kung'oa nyasi. Masizi yalitudondokea, yakinuka moshi wa miaka mingi. Mama alisema tunahamia kijiji cha ujamaa, tukakae pamoja na wenzetu. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala la ulezi, nacheza kibaba na kimama. Nyumba zetu za udongo tulizibomoa kila jioni, na kesho yake tukazijenga palepale. Nikadhani wakubwa nao wameanza mchezo wetu.

Aliyenihakikishia ni Mama mwenyewe. Mizigo ilipokwisha kufungwa alichukua ufagio, akainama, akafagia nyumba isiyo na paa, kona kwa kona, jua likimchoma mgongoni. Nani anafagia nyumba asiyoirudia? Basi nikamlaza mwanasesere wangu wa gunzi kando ya mafiga, nikamwambia, "Kaa hapa, kesho tunarudi."

Mama alinisikia. Siku nyingine angenikemea kwa kuchafua alipofagia. Safari hii alimzunguka yule mwanasesere taratibu kwa ufagio, akaendelea kufagia palipokwisha kuwa safi.