Mionzi, sukuma na kisu cha Celine

Saa kumi na moja na nusu jioni, viwanda vya Industrial Area vinapofungua mageti, mtaa wa Kware huanza kunukia vitunguu vya kukaanga. Chini ya ploti moja ya orofa sita, foleni mbele ya kibanda cha mboga imeshapinda kona hadi kwa kinyozi.

Mwenye kibanda ni Mbinya, miaka arobaini na saba, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mutunga kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anachagua mafungu, anapokea pesa, anawachokoza wateja kwa sauti inayofika orofa ya nne. Lakini hakati mboga. Mezani kuna kisu kimoja tu, nacho kiko mikononi mwa mwanamke mwembamba aliyejifunga leso kichwani.

"Celine, huyu mkatie nyembamba, ameoa juzi," Mbinya anasema. "Asimpelekee mtoto wa watu majani ya mbuzi."

Foleni inacheka. Celine anakunja majani ya sukuma wiki kiganjani, kisu kinapita, na mboga inaanguka kwenye beseni. Pembeni, si ndani ya foleni wala mbali nayo, amesimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na fungu mkononi. Anajifanya anaangalia simu.

Ukimuuliza Mbinya mbona kisu ni kimoja, anacheka kwanza. Kisha anakuonyesha juu.

Kwenye paa la ploti hiyo kuna mnara wa simu. Uliposimamishwa mwaka juzi hakuna aliyeujali, mpaka video moja ilipozunguka kwenye simu za wapangaji ikidai kwamba minara hutoa mionzi inayokausha damu. Ghafla kila mtu akawa daktari. Huyu akasema bitiruti inasafisha damu, yule akasema mboga chungu ya managu, mwingine akaapia tangawizi na kitunguu saumu. Filsan, mwenye duka la jirani, aliishiwa na habasoda na asali kabla ya Ijumaa.

"Mimi nilikuwa nauza tu," asema Mbinya. "Wanakuja wananiambia, Mama Mutunga, nifungie za mnara. Nikaanza kufunga bitiruti, managu na ndimu pamoja. Haki hata mimi nilikuwa nakunywa! Nasikia nina nguvu, kumbe ni chai yangu ya asubuhi."

"Fungu la mnara" lilimpa miezi mizuri. Siku ambayo zamani angebaki na shilingi mia tano, sasa alibaki na elfu moja, na karo ya mtoto wa mwisho ikaacha kumnyima usingizi.

Mteja mkubwa wa mafungu hayo alikuwa Celine, fundi wa nguo anayeishi orofa ya tano, karibu na mnara wenyewe. Kila jioni alishuka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kushika kisu cha pili, akimsaidia Mbinya kukata huku wakisengenya dunia nzima. Hakulipwa, na hakutaka kulipwa. Kware watu hununua sukuma ikiwa imekatwa. Anayetoka kiwandani akiwa hoi hana mkono wa kuanza kukata, na mama mboga asiyekata hana wateja.

Mwaka huu Celine alipatikana na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha daktari akamwambia anahitaji tiba ya mionzi kwa majuma matano.

"Nilisikia hilo neno nikasema hapana," anakumbuka. "Mwaka mzima nakunywa bitiruti ili niikimbie, halafu naambiwa niende nilale chini yake? Nikamwendea Mama Mutunga, nikamwambia anifungie mafungu mawili kila siku. Hospitali siendi."

Mbinya hakufunga hata moja.

"Nilisikia baridi," asema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Nikiuza managu ikawa chungu, mtu atarudi kunitukana. Huyu angerudi kutoka wapi? Nikamwambia kesho tunaenda wote. Mboga zioze."

Hospitalini, muuguzi mmoja aliwakalisha akawaeleza bila haraka. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Anayetibiwa kwa mashine hiyo haibebi mwilini wala hampi mtu mwingine. Mboga ale, na ashibe, maana mwili unahitaji nguvu. Lakini hakuna jani linaloshika nafasi ya tiba, na miti shamba yoyote amwulize daktari kwanza. Celine akapiga moyo konde, akaanza.

Balaa ilimngoja nyumbani. Katika juma la pili alishuka jioni moja, akanawa mikono na kushika kisu kama kawaida. Aluoch, jirani wa orofa ya tatu na mteja wa tangu kibanda kifunguliwe, alitazama mikono ile, akarudisha fungu lake mezani.

"Mimi nina mtoto ananyonya," alisema. "Huyu ametoka kwa mashine leo leo. Hiyo mionzi si itaingia kwa sukuma?"

Maneno hayo yalipanda ngazi haraka kuliko maji ya bomba yanavyopanda Kware. Kesho yake foleni ilikuwa ya watu watatu. Watu walewale walionunua bitiruti ili kufukuza mionzi sasa waliogopa kwamba Celine ameipaka kwenye mboga! Mapato ya Mbinya yakashuka chini ya nusu. Wengine walimnong'onezea ushauri wa upole, eti amwache Celine apumzike juu, mgonjwa hafai kuchoshwa.

Celine alielewa. "Nilipanda nikajifungia," asema. "Nikajiambia, kama tiba itanifanya mtu wa kukimbiwa, bora niiache nife nikiwa na watu." Asubuhi iliyofuata hakwenda hospitali.

Mbinya alipanda ngazi zote hizo, yeye na magoti yake mabovu, akagonga mlango mpaka ukafunguliwa.

"Nilimtukana kidogo," anakiri. "Kwa mapenzi, lakini. Nikamwambia kisu changu nimekifungia kabatini. Kuanzia leo mimi sikati hata jani. Usiposhuka nafunga kibanda, na watoto wangu watakuja kula kwako."

Jioni hiyo Celine alishuka, akiburuta miguu. Kisu kilikuwa kimoja, na sharti lilikuwa moja pia. Anayetaka mboga iliyokatwa, Celine atamkatia. Asiyetaka achukue fungu zima, akakate kwake. Wengi walichukua mafungu mazima, wakaondoka na heshima zao.

Wa kwanza kusalimu amri alikuwa Mzee Nahashon, mgane aliyestaafu kazi ya reli, ambaye alitokea siku chache baadaye akiwa amefunga kitambaa kidoleni.

"Nilikata sukuma nikajikata," asema mzee huyo bila haya. "Na ile niliyofaulu kuikata haikutafunika. Nikamwambia Celine, mwanangu, nikatie. Mimi nimezeeka. Hiyo mionzi ikinipata, inipate nimeshiba."

Kware ilivunjika mbavu. Kesho yake wakaja wasichana wawili wa kiwandani, halafu jamaa wa bodaboda, halafu foleni. Si kwamba hofu ilikwisha. Mbinya ana maelezo yake.

"Ni uvivu, ndugu yangu. Mtu amesimama kiwandani kutwa nzima. Ataogopa mionzi, sawa, lakini kukata sukuma ataogopa zaidi."

Celine akarudi hospitali na hajakosa tena. Bitiruti, managu na ndimu bado hufungwa pamoja, ila anayeuliza kama fungu hilo linafukuza mionzi hujibiwa papo hapo. "Linafukuza njaa," Mbinya humwambia. "Ukitaka zaidi ya hapo, kuna daktari."

Ijumaa hii ndiyo siku ya mwisho ya tiba ya Celine. Mbinya atafunga kibanda wasindikizane, kisha jioni wapike sufuria kubwa ya sukuma pale pale chini, na ugali wa kuwatosha wapangaji wote.

"Atakata yeye zote. Anayeogopa aje na omena zake, samaki hao hawakatwi," asema. Halafu anamtazama rafiki yake, na mzaha unamtoka usoni. "Nampenda huyu mtu, sitaki kuficha. Akipata nguvu nataka meza ya pili hapa. Iwe yake, si ya kunisaidia mimi."

Taa za madukani zinawaka. Mama aliyekuwa pembeni anatia simu mfukoni na kusogea mpaka mezani. Ni Aluoch. Foleni inampisha.

"Dada," Aluoch anasema, macho yake yakiwa kwenye mboga, "yangu ukate nyembamba sana. Mtoto ameanza kula."

Celine anapokea fungu, anakunja majani, anakata polepole kuliko alivyomkatia mtu yeyote jioni hii. Akimaliza anaongeza kiganja kimoja cha bure, kama mama mboga anavyomfanyia mteja anayemtaka arudi kesho.