Shokapu ya Muhogo

Shokapu ya nyuma ya baiskeli yangu ilikufa Jumamosi moja asubuhi, kwenye mteremko wa Gahanga, pembezoni mwa Kigali, na nilijua imekufa kabla sijaitazama. Baiskeli yangu ni ya milimani, yenye kiungo katikati ya fremu. Hapo ndipo shokapu hukaa, ikimeza mawe ili mgongo wa mwendeshaji usiyameze. Siku hiyo ikaacha kumeza. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Niliposimama nikakuta oili imechuruzika mpaka kwenye pedali. Nikakibonyeza kiti, kikazama, kikabaki hukohuko chini.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa jiografia, na mchezo huu nilikuwa nimeuanza miaka mitatu tu kabla ya hapo. Walimu wenzangu walidhani ni wazimu wa kupita. Mimi wiki nzima nilikuwa naivuta Jumamosi ifike. Labda ndiyo maana sikuhuzunika. Nakumbuka nikiisukuma baiskeli kupanda kilima, jasho linanitoka, huku moyo ukinidunda kwa furaha ambayo nisingethubutu kumweleza mtu: sasa nilikuwa na sababu halali ya kutafuta shokapu mpya.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wangu. Alikuwa mwanamke wa rika langu, aliyekulia Bujumbura, na alitengeneza baiskeli barazani kwake hukohuko Gahanga, na shamba dogo la muhogo nyuma ya nyumba. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikutana njiani. Chake kilikuwa cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, chenye Kinyarwanda ndani, na vipuri vyote akiviita kwa Kifaransa. Shokapu kwake ilikuwa amortisa. Mimi nilikuwa mwarimu.

Aliitoa ile iliyokufa, akaipima kutoka tundu la boliti la juu hadi tundu la chini. Milimita mia mbili. Kisha akapima ule mwendo wake wa kuingia na kutoka. Hamsini na saba.

“Hizi namba mbili uzishike kama jina lako,” aliniambia. “Ukikosea moja tu, gurudumu litapiga fremu.”

Nilizishika. Nilizirudia nikipika, nikisahihisha madaftari, nikipanda ngazi za shule. Siku tatu baadaye, mgeni mmoja mtaani kwetu Kibagabaga, aliyekuwa anahama nchi, akatandaza vitu vyake uani kuviuza. Kati ya masufuria na mapazia nikaiona: shokapu ya springi nene, nyekundu kama pilipili. Nilipiga magoti palepale na rula yangu ya darasani. Mia mbili. Hamsini na saba. Nusura nimkumbatie yule bwana. Alikubali niijaribu kwa siku mbili kwanza.

Fundi aliigeuza mkononi, akasoma namba iliyochapwa kwenye springi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Hii iko ya mtu wa kilo mia, mwarimu. Wewe iko na ngapi?”

Sikufika hata sitini. Nikamwambia springi ikitumika italegea. Akasema springi hailegei kwa kuombwa, na springi nyepesi ya aina hiyo hajawahi kuiona Kigali nzima. Lakini hakubishana zaidi. Aliifunga, akanisogezea baiskeli, akarudi kwenye kazi yake.

Nilishuka njia ya mashambani nikiwa nimejaa matumaini. Kwenye mawe ya kwanza nilirushwa juu kama mahindi kwenye ungo. Kwenye mizizi ya mikaratusi gurudumu la nyuma lilipiga mateke, na miguu yangu yote miwili ikatoka kwenye pedali. Nilipeleka mkono kuigusa ile springi nyekundu. Ilikuwa haijajikunja hata kidogo. Nilirudi nikiisukuma. Fundi alinipa maji, akachukua spana, akaanza kuifungua.

Tukakubaliana ninachohitaji ni shokapu ya upepo, ambayo hujazwa kwa pampu kulingana na uzito wa mtu, awe mzito au mwepesi. Mdogo wangu wa kike anaishi Kampala, na wiki ile alikuwa anajiandaa kuja kutuona. Nikamtuma kwenye duka moja la baiskeli huko. Hajui lolote kuhusu baiskeli, ila ana subira. Alhamisi mchana, nikiwa barazani kwa fundi, akanipigia kwa video akiwa mbele ya kaunta. Zilikuwepo mbili za vipimo vyangu. Moja ilikuwa bomba jeusi tupu. Ya pili ilikuwa nene zaidi, na ilikuwa na kichupa ubavuni.

“Dada, hii nyingine imebeba mtoto mgongoni,” alisema.

Fundi aliinyakua simu mkononi mwangu. Hata kujitambulisha hakujitambulisha. Alimwagiza mdogo wangu aigeuze, aisogeze karibu, aoneshe kijiti cha kuikaza wakati wa kupanda. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yanawaka kama yangu.

“Huyo mtoto ndiye tunamtaka. Milima yetu ni mirefu, oili inapata moto. Hapo kwa mtoto ndipo inapoa.”

Tatizo lilikuwa moja. Ndani ya fremu yangu nafasi ni finyu, na duka halikuwa likirudisha kitu kilichouzwa. Yule mtoto angeenea? Fundi aliingia jikoni, akatoka na muhogo mbichi na kisu. Akamwambia mdogo wangu apime kila upande na asikate simu.

Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Mdogo wangu alitaja namba kutoka Kampala, mimi nikazirudia kwa sauti, fundi akachonga. Unene wa bomba. Urefu wa kichupa. Umbali kati yao. Maganda yalianguka miguuni petu, kalipa yake ya kupimia ikajaa utomvu. Kichupa alikichonga kutoka kipande kingine, akakishikiza kwa njiti mbili. Tulipomaliza, tulikuwa na shokapu nyeupe ya muhogo, kamili, yenye mtoto wake. Aliipachika kwenye fremu, akaingiza boliti, akaanza kuliinua gurudumu la nyuma taratibu, kama mtu anayemwinua mgonjwa.

Kichupa kikaikwaruza fremu. Nikashika kichwa. Fundi akaichomoa, akaigeuza, mtoto akatazama chini. Akainua tena, mpaka mwisho wa mwendo. Palibaki nafasi ya kidole.

“Mwambie alipe,” alisema.

Mdogo wangu alishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi, nami nilimpokea mzigo kabla ya kumsalimu, kosa ambalo ananikumbusha mpaka leo. Kabla ya saa nne shokapu ilikuwa imefungwa. Fundi aliijaza kwa pampu ndogo, akanikalisha kwenye kiti, akatazama kipete cha mpira kinachoonyesha shokapu imezama kiasi gani, akapunguza upepo, akanikalisha tena. Kiliposimama kwenye robo ya mwendo, akanipiga begani.

Nitaueleza vipi mteremko ule? Mawe yalikuwepo, niliyaona yakipita, lakini nyuma yangu kulikuwa na kitu kinachoyapokea moja baada ya jingine bila ugomvi. Kwenye mizizi sikushika breki. Nilisikia sauti ya mtu akicheka, na ilikuwa mimi.

Niliporudi juu, fundi alikuwa amevua aproni. Aliuliza kama anaweza kuijaribu kidogo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika miaka yote mitatu sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Alipanda, akaipima kwa kuibonyeza mara mbili, akapotea kwenye ukingo wa njia akiwa amesimama wima juu ya pedali, mikono imelegea, kama mtu aliyezaliwa huko. Mdogo wangu na mimi tulikaa barazani kati ya maganda ya muhogo tukimsubiri. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini.

Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alisema alikuwa ameacha kupanda tangu alipoolewa, na kwamba amefika mpaka bondeni. Kisha akachukua pampu, kwa sababu, alisema, kwake yeye nyuma ilikuwa laini mno, na alitaka kushuka mara moja zaidi.