Harufu ya Soseji Kwenye Jiko Baridi

Jumamosi ya tatu baada ya kumzika mke wangu, saa kumi jioni, harufu ya soseji ilitoka jikoni kwangu.

Jikoni hakukuwa na moto.

Hakukuwa na soseji pia. Tangu tumzike, hakuna mtu aliyekuwa amepika mle ndani. Tulikuwa tunakula kwa majirani kama watu waliounguliwa na nyumba.

Wewe unayesema hii ni ya kutunga, sawa. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kutunga sijui. Naandika vile ilikuwa.

Mwaka ulikuwa 1988. Mji wetu, Wote, ulikuwa vumbi, mbuzi, na maduka ya kuhesabu kwa vidole.

Mke wangu aliitwa Nzilani. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya mradi wa maji. Mkubwa wa kambi alikuwa Mwangangi, lakini jina lake hakuna aliyelitaja. Alikuwa Inchaji. Watu walisema hata mke wake alimwita Inchaji.

Huyo mtu alipenda chakula kimoja: soseji na viazi, vyote kwenye kikaangio kimoja, na vitunguu na nyanya juu. Kila Jumamosi. Kilichobaki Nzilani alikileta nyumbani, amekifunika na sahani ya bati, na binti yetu Mbinya alikuwa anamkimbilia mpaka barabarani.

Sasa, Jumamosi moja nilikuwa mbali, Matinyani huko Kitui, nikichimba kisima cha watu. Nzilani akashikwa na tumbo akiwa kazini.

Landrova ya kambi ilikuwa imesimama hapo hapo mlangoni.

Alikufa kabla ya kufika hospitali. Niliporudi niliambiwa wamechelewa kuondoka kwa sababu gari lilikuwa na kazi ya serikali. Nikauliza kazi gani. Nikaambiwa nisilete siasa kwenye msiba.

Inchaji alileta nusu gunia la mchele kwenye matanga, akapiga hotuba. Watu wakampigia makofi. Mimi nikatazama viatu vyake, vile vinang'aa.

Basi, turudi kwa ile harufu.

Ilikuwa inakuja kwa mpango. Vitunguu kwanza. Halafu soseji zikipasuka ngozi. Halafu viazi vikishika rangi. Mate yanakujaa mdomoni na nywele zimekusimama, yote kwa wakati mmoja.

Mwisho kabisa, kitu kinaungua. Ule moshi mchungu wa viazi vilivyoshika chini.

Halafu kimya.

Niliingia nikashika yale mawe matatu ya jiko. Baridi. Nikachimba majivu kwa kidole. Baridi mpaka chini.

Nilipogeuka, Mbinya alikuwa ameketi mlangoni. Miaka saba. Sahani tupu iko mapajani.

"Unangoja nini hapo?"

"Mwaitu anapika," akasema. Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba.

"Huogopi?"

Akatingisha kichwa.

Kilichonitisha zaidi si harufu. Ni kwamba huyo mtoto alikuwa amekataa kula. Ugali, hapana. Muthokoi, hapana. Maziwa unamwekea mdomoni anayaacha yashuke shingoni. Wiki ya nne, nguo ilikuwa inamning'inia kama imeanikwa kwa kamba.

Nikampeleka zahanati. Yule mwenye koti jeupe hakuinua hata macho.

"Kukosa lishe. Mpe mayai."

"Hali chochote, daktari."

"Wewe ndiye baba ama ni mimi?"

Nikaita akina mama wa kanisa waje waombe. Waliomba kwa nguvu, sitawasema vibaya. Lakini ilikuwa Jumamosi, na katikati ya maombi vitunguu vikaanza. Mama mmoja akafungua jicho moja.

"Baba Mbinya, kwani umepika?"

"Sijapika."

Walimaliza hayo maombi wakiwa barabarani. Mmoja aliacha leso yake mpaka leo.

Ndipo mama mkwe, Ndila, akaja kutoka Kikima. Mama mzee asiyependa maneno mengi.

"Mwanangu alikufa na kazi ya watu mkononi," akasema. "Ng'oa hayo mawe, uyatupe mtoni. Hana pa kupikia, atapumzika."

Nikainama. Nilikuwa nimelitikisa jiwe la kwanza wakati Mbinya alipiga nduru. Mtoto aliyekuwa hana nguvu ya kusimama!

"Usitoe! Usitoe, baba! Atapikia wapi?"

Nikaliacha jiwe. Mama mkwe akanitazama, akafunga leso, akaenda zake.

Siku mbili nilifikiri. Nikaamua hivi: kama ni hicho chakula anataka, nitakipika mimi.

Wewe kijana wa siku hizi huwezi kuelewa. Mwanaume wa Kikamba wa wakati huo, kuketi kwenye mawe ya jiko ya mke wake na kijiko mkononi! Ni heri wakukute umeiba kuku.

Soseji zilikuwa kwa Wamucii pekee, mama wa kutoka Murang'a aliyekuwa na friji ya mafuta ya taa dukani.

"Soseji?" akasema. "Nzioka, umekuwa mzungu lini?"

"Nipe tu, mama."

"Nani anakupikia?"

Nikatazama chini. Akaacha kucheka.

"Sikiza basi. Viazi ukate vidogo, vianze, hivyo ndivyo vigumu. Soseji na vitunguu vifuate. Nyanya mwisho. Na usikoroge koroge kama uji wa kondoo, utavunja kila kitu. Geuza pole pole."

"Kondoo hunywa uji?"

"Wako akipikiwa na wewe, atakunywa."

Jumamosi nikawasha moto. Jirani yangu Kivuva aliona moshi, akaegemea ua.

"Nzioka! Kama umeolewa sema, nilete mbuzi wa mahari!"

"Leta na mama yako aje anifundishe kupika!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Saa kumi ikafika. Na kweli, harufu yake ikaja, ikaingia ndani ya harufu yangu. Singeweza kusema ipi ni ya kikaangio na ipi ni ya Nzilani. Mgongo wangu ulikuwa na baridi, na uso uko kwa moto.

Mbinya alikuwa mlangoni na sahani yake.

"Kuja ugeuze viazi," nikamwambia.

Akarudi nyuma. "Sitaki. Vitaungua."

"Vikiungua itakuwa nini?"

"Mtu atakufa."

Nikaweka kijiko chini.

"Nani alikuambia hivyo?"

Machozi yakaanza kushuka, bila sauti. Halafu akasema yote, pole pole. Ile Jumamosi, kwa sababu mimi nilikuwa Matinyani, mama yake alikuwa amemchukua akaenda naye kambini.

"Mwaitu alishika tumbo. Akaniambia, wewe geuza viazi, mimi nikae chini kidogo. Mimi nikaogopa, nikakimbia kumwita Nzuki."

Nzuki ndiye alikuwa dereva.

"Tukirudi vimeungua vyote. Inchaji akakuja. Akasema wageni wake watakula nini. Nzuki akasema, mkubwa, wacha nipeleke huyu mama hospitali. Akasema gari haliendi mahali mpaka chakula kipikwe tena."

"Na mwaitu?"

"Alisimama. Akapika kingine. Halafu akaanguka."

Akanitazama.

"Baba, ni mimi niliunguza."

Karibu miezi miwili mtoto huyu alikuwa amebeba hiyo peke yake. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Kwetu mtoto haulizwi mambo ya kifo. Siku ile ile alipelekwa Kikima kwa nyanya yake, akarudishwa kaburi likiwa limeshafunikwa, akaambiwa aende akacheze.

Panga langu lilikuwa nyuma ya mlango. Kambi ilikuwa mwendo wa robo saa. Mungu ananiona, nilisimama.

"Baba, vinaungua!"

Ni kweli. Kikaangio kilikuwa kinatoa moshi. Akanyoosha mkono akiokoe. Nikaketi tena, nikaushika mkono wake.

"Wacha viungue."

"Baba!"

"Wacha."

Vikaungua. Tukakohoa, macho yakatoka maji. Upande mmoja ukawa mweusi kama makaa. Nikatoa kiazi, nikatafuna, nikameza.

"Haya. Vimeungua. Nani amekufa?"

Akageuka akatazama nyumba yote, kila pembe, kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Hakuna."

"Viazi haviui mtu, Mbinya. Mtu alikataa gari. Si wewe. Ulikimbia kuita msaada, na ndivyo mtu mzima angefanya."

Akachukua kiazi kwenye kikaangio. Kile cheusi kabisa.

"Ni kichungu."

"Sana."

Akachukua soseji. Halafu nyingine. Nililia nikimtazama akitafuna.

Jumamosi iliyofuata niliketi jikoni kutoka saa tisa. Saa kumi ikafika, ikapita. Mbuzi wakarudi nyumbani.

Hakuna kitu. Wala Jumamosi nyingine yoyote.

Ndipo nikaelewa. Nilidhani Nzilani ana hasira, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anaunguza chakula makusudi mbele ya mtoto wake, amwonyeshe kwamba kinaungua na hakuna kinachotokea. Ni mimi nilikosa akili ya kumsaidia mapema. Na nilipomsaidia, akaenda. Nilimzika mara mbili huyo mwanamke.

Nzuki alinithibitishia yote. Nikaenda ofisini kwa wakubwa. Wakasema mtoto wa miaka saba si shahidi, na dereva akanyamazishwa na uhamisho. Inchaji naye akapandishwa cheo, akapelekwa Kitui, akapewa gari kubwa zaidi.

Nimeishi na watu wa vyeo, nawajua. Wakikosea hawabebi. Mzigo unashuka, unashuka, mpaka umpate yule mdogo kuliko wote, na yeye anaubeba kwa sababu hajui kukataa.

Kwa hivyo mkifiwa, kabla ya turubai, kabla ya hotuba, ita mtoto. Mkalishe karibu. Muulize aliona nini.

Halafu funga mdomo, umsikilize mpaka amalize.