Jasusi Alipokaa Kula

Jamani, leo nimejiaibisha kwenye banda la video hapa Tunduma!

Walikuwa wanaonyesha ile sinema ya jasusi, sehemu mpya. Huyu mtu namjua tangu nikiwa shule ya msingi kule Itaka. Kazi yake kuruka magari na kupiga watu, basi.

Leo karudi kwake.
Akafungua mlango, akawasha taa, akapika. Akakaa mezani kula peke yake, redio ikiongea.

Banda zima: "Peleka mbele!"
Si mnajua, mwenye banda akiona kipande hakina ngumi, anakiruka.

Nikashtukia nimesimama.
"Mwacheni ale!"

Wote wakanigeukia.
Dereva mmoja wa malori akauliza, "Dada, kwani huyo ni shemeji yetu?"

Vicheko! Nikacheka nao, ningefanyaje?
Mwenye banda akapeleka mbele, risasi zikarudi, kila mtu akatulia.

Sasa niko chumbani kwangu. Nimesonga ugali wa mtu mmoja, redio inaongea.

Aliyeiona sinema yote aniambie tafadhali.
Pale alipokuwa anakula, kuna mtu alikuja kupiga hodi?