Mtu Anayetoka Kwenye Kifusi

Kaka yangu mkubwa hakuwa na kipaji kingine ninachokijua, ila kusimulia filamu alijua. Nasema hivi nikiwa bado nimemkasirikia, na ninaomba radhi kwa hilo. Filamu mpya hakuzitaka. Alisema ni kelele tupu na magari yanayoruka. Alizipenda za zamani, zile za picha nyeusi na nyeupe, au za rangi iliyopauka kama kitenge kilichofuliwa sana, alizoziona utotoni katika vibanda vya video vya mtaa wa Katuba.

Tena hakusimulia filamu nzima. Alichagua kipande. Mpanda farasi anayemnywesha farasi wake maji ya mwisho kwa kofia, kisha anakwenda kwa miguu. Mzee anayepigana na vijana wenye fimbo huku anamalizia bakuli lake la wali bila kumwaga punje. Mwanamke aliyesimama stesheni, treni inaondoka, naye anapunga mkono mpaka reli inabaki tupu. Kaka alisimama uani kwetu, mtu mzima mwenye ndevu, akaipungia treni isiyokuwepo, na sisi tuliokuwa tunatwanga majani ya sombe tukaacha mchi juu ya kinu. Majirani walikuja na viti vyao. Mimi nilijifanya sijali, lakini sikuwahi kuondoka kabla hajamaliza.

Kipande cha mama kilikuwa cha mgodini. Mchimbaji anamrudia mwenzake aliyebaki ndani, na dari inaanguka. Wake za wachimbaji wanasimama mlangoni kwenye mvua. Kimya. Halafu kifusi kinatikisika, mkono unatokea, kichwa kinatokea, cheupe kwa vumbi, na yule mtu anasema: "Nani iko na sigara?" Hapo mama alicheka kila mara kama hajawahi kukisikia, na machozi yakamtoka. Kaka alikuwa na kanuni yake. Mtu mkuu wa filamu tunamwita acteur, na kwa kaka, acteur hafi. Adui hufa, rafiki hufa, hata mchumba hufa, lakini acteur hafi.

Alikuwa dereva wa malori ya mpakani, Kasumbalesa. Tajiri wake alipoyauza malori, kaka alikaa nyumbani mpaka aibu ikamshinda, akasema anakwenda Kambove kuchimba na wale vijana tunaowaita creuseurs, wanaoshuka shimoni kwa kamba na tochi. Mama alimfuata mpaka barabarani.

"Na kama udongo inakuangukia?"

"Mama, usiogope. Acteur hafwake."

Mama akacheka. Mimi sikucheka.

"Weye haiko acteur," nilimwambia. "Weye uko creuseur."

Alinivuta sikio, akapanda gari. Sikumwona tena.

Mvua za mwanzo zilipokuja, mwenzake alifika kwetu akiwa na matope mpaka magotini. Aliomba maji, hakuyanywa. Shimo lilikuwa limejifunga na kaka ndani. Walichimba kwa mikono mpaka mwenye eneo akaleta mashine, akafukia mdomo wa shimo, akisema hataki wafe wengine. Basi. Hakuna maiti, hakuna hata kiatu.

Tukafunga hema la kilio mbele ya nyumba, tukakodi viti vya plastiki, wanawake wa parokia wakaja na sufuria zao. Mjomba wetu, mdogo wake mama, alileta jeneza. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa nguo zake: unalaza suruali, shati, viatu kama alikuwa navyo, unafunga, unamlilia, unamzika. Bila hivyo kilio hakianzi na hakiishi, na marehemu anabaki njiani.

Nguo za kaka zilikuwa katika sanduku moja, valisi ya kahawia. Mama aliikalia.

Simaanishi aliilinda. Aliikalia kweli, ukutani chumbani kwake, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri kwenda misa. Hakulia. Wanawake waliingia wakilia, wakamkuta anawauliza habari za watoto wao, wakatoka wameduwaa.

"Yaya," mjomba alimbembeleza mama, kwani kwetu dada au kaka mkubwa huitwa hivyo, "utupatie manguo yake. Bantu banachoka."

"Munataka kuzika manguo ya muntu mwenye iko muzima? Akitoka atavaa nini?"

Mjomba alitoka, akaegemea jeneza tupu, akalia yeye. Padri alikuja, akatoka. Mke wa kaka alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaambiwa ainuke, asichafue nguo. Wageni wa mbali walianza kutazama saa. Nilimwonea mama huruma, na papo hapo nilitaka kumtikisa mabega. Husemwa aliyefiwa haamrishwi, lakini huyu alikuwa anamnyima mwanawe hata kaburi.

Kisha wakaja banungwe, watani wetu. Asiyejua mila zetu angewafukuza. Kazi yao msibani ni kumcheka marehemu, kuvaa kama yeye, kutembea kama yeye, ili waliofiwa wapumue. Wameruhusiwa hivyo tangu babu zetu, na huwezi kuwakasirikia. Mimi niliwakasirikia. Mwanamke mmoja mnene alijichora ndevu za mkaa, akalala chini katikati ya hema, wenzake wakamfunika magunia. Watu wakanyamaza. Magunia yakatikisika. Mkono ukatokea, kisha uso, umepakwa unga wa mahindi.

"Nani iko na sigara?"

Hema lote lilipasuka kwa kicheko. Mama alikuwa amekuja mpaka dirishani. Alicheka pia, akapiga makofi, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo iliniogofya kuliko kilio chochote.

"Munaona?" alisema. "Munaona sasa?"

Akarudi kuikalia valisi.

Nilitoka nikaenda sokoni, kwa kijana anayejaza filamu kwenye simu za watu. Sikujua jina la filamu. Nilimwambia ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, kuna mgodi, dari inaanguka, wake wanasubiri kwenye mvua. Sijui nilitaka nini hasa. Nadhani nilitaka kuona kile kifusi kikitikisika, kwa kuwa hata mimi, pamoja na ukali wangu wote, nilikuwa nimeanza kutumaini. Alitafuta, akanionyesha hii na ile, mpaka nikawaona wale wanawake mlangoni. Nilikaa kwenye kreti la soda, nikaitazama mpaka mwisho.

Nilirudi nyumbani mbio, nimejaa hasira. Nilimwona kaka mwongo. Niliingia chumbani kwa mama, nikafunga mlango, nikasema bila hata kukaa:

"Mama, mule mu filme ule muntu hatoke. Anafia mule. Yaya alitudanganya."

Mama aliuliza:

"Uliona mwisho yake?"

"Niliona."

"Mie sikuionaka."

Sikumwelewa. Akanionyesha nikae, nami nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Alisema filamu hiyo kaka hakuiona kamwe. Ni yeye aliyeiona, akiwa msichana mdogo, katika ukumbi wa mapadri kambini, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Padri wa huko hakukubali filamu ichukue muda wa rozari. Kengele ikilia, alizima mashine, hata kama mtu ananing'inia jabalini, na watoto wote wakapanga mstari kwenda kanisani. Kambi nzima ilikua ikijua filamu nyingi zisizo na mwisho, na kila mtu alijitengenezea wake.

"Kengele ililia bale banamuke bangali pa mulango, mvua inabanyeshea," alisema mama. "Yaya yako, wakati alikuwa mudogo, nilimuhadisia ile filme. Akaniuliza: mama, anatoka? Akaanza kulia. Nikamuambia anatoka. Ni mie nilimutosha mule mu kifusi."

"Na sigara?"

"Baba yangu, nkambo yako, njo alikuwa anaomba vile, akitoka mu kazi."

Kaka alikuwa ameichukua kwa mama, akaizungushia mvua na kimya na vumbi, akasema ameiona kwa macho yake; labda baada ya miaka yote hiyo aliamini kweli ameiona. Na aliposhuka kwenye lile shimo la Kambove, alishuka nayo. Mama alilijua hilo kabla yetu sote. Ndiyo maana hakuweza kulia: siku atakayokubali kwamba mwanawe hatoki, atakuwa pia amekubali ni nani aliyemwambia kwamba watu hutoka.

Nje watani walikuwa wameanza wimbo. Mama alinyoosha kitenge chake magotini.

"Anabakia mule kabisa?"

"Anabakia, mama."

"Hata mukono haionekane?"

"Haionekane. Taa yake inazimika tu."

"Na muke yake?"

"Anarudia ku nyumba."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha alishika ukuta, akainuka kutoka kwenye valisi, akaisukuma kwangu kwa mguu. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakiacha kianguke, na sauti ikamtoka, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ikaunyamazisha wimbo wa watani, na wanawake wakaja mbio wakisema asante Mungu, analia, analia. Siku zote hizo nilikuwa nimeomba alie. Sasa nilikaa sakafuni nimeishika valisi, nikitamani kumwambia kwamba nimekosea, kwamba ile haikuwa filamu yenyewe.