Filamu ya Ajentina Niliyomtafsiria Mama

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Ninaishi Buhembe, na chumba kimoja cha nyumba nimekizungushia magodoro ukutani ili kelele zisiingie wakati narekodi Kiswahili juu ya maneno ya watu wa mbali. Watafsiri wa mabanda ya video tunajuana: tunatia chumvi. Jambazi akikaa kimya, sisi tunampa maneno. Watazamaji hutusifu kwa hilo, na mimi sifa nilizipenda mno.

Mwaka juzi mteja mmoja aliniletea filamu za Ajentina. Kwetu Bukoba, Ajentina ni mpira, basi. Nilipoonyesha ya kwanza bandani, watu walikaa robo saa wakingoja goli. Walichoona ni tambarare zilizojaa ng'ombe, watu wazima wakicheza dansi huku wamenuna, na jamaa wakipokezana kibuyu kimoja chenye mrija, kama wazee wetu na rubisi, pombe ya ndizi. Halafu, karibu katika kila filamu, ikaja ile miaka ya utawala wa wanajeshi: vijana wakichukuliwa majumbani wasirudi, na mama zao, vitambaa vyeupe kichwani, wakizunguka uwanja wa mjini wakiuliza watoto wao wako wapi. Bandani walitoka mmoja mmoja. Mimi niliangalia zote.

Niliangalia kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa fundi wa mashine za boti kisiwani Goziba. Boti aliyopanda kurudi nyumbani ilikutwa imepinduka, wenzake wawili wakapatikana wamekufa, yeye hakupatikana. Kwetu, karibu na Rubya, mtu wa namna hiyo huzikwa kwa mgomba. Kipande cha shina hufungwa lubugo, lile gome la mti walilovishwa wafu wa zamani, kikashushwa kaburini kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na matanga yakaisha. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia tangu baba afariki, alitaka kaka azikwe hivyo. Mama alikuwa hajakubali wala kukataa.

Jumapili moja alasiri nilimwekea mama filamu mojawapo kwenye kompyuta yangu. Nilidhani itamfariji kuona kwamba yaliyompata yamewapata na wengine. Mama hajui Kiingereza cha yale maandishi ya chini, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikitafsiri. Mama wa kwenye filamu alimtafuta mwanawe hadi akazeeka. Mwishoni simu ikalia, akaipokea, akasikiliza, akafumba macho, picha ikazima. Aliyepiga alikuwa karani. Alimwambia kwamba mifupa iliyofukuliwa si ya mwanawe.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika ncha ya kanga kwa mikono miwili. Nikasema aliyepiga ni yule kijana, yuko hai, anarudi nyumbani.

Sikuwa nimepanga kudanganya. Yalinitoka kama yanavyonitoka kila siku kazini, ila safari hii mtazamaji alikuwa mama yangu.

Baba mdogo alipokuja kupanga siku ya kuzika mgomba, mama alikataa katakata. Akamwambia kuna wanawake huko Ajentina waliokataa kuzika, na watoto wakapiga simu. Kuanzia hapo simu yake haikumtoka mkononi. Alikwenda nayo kibanjani, alikwenda nayo kanisani, na chaji ikikaribia kuisha alirudi nyumbani hata kama ibada haijamalizika. Baba mdogo alinipigia akaniuliza nimemlisha nini mama yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nilikaa na aibu hiyo miezi mitatu, kisha nikaenda. Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, yule kijana hakupiga simu. Alikuwa karani. Mwanawe hakupatikana."

Aliendelea kumenya. Nilingoja anitukane, nami ningeshukuru. Badala yake aliniuliza yule mama alifanya nini baada ya simu. Nilimjibu kwamba filamu iliishia pale, ila wanawake wa nchi ile wapo kweli, na wameendelea kuuzunguka ule uwanja kwa miaka mingi, hata wengine wakafa wakiwa bado wanauliza. Akataka kujua kama ni wengi. Nikasema ni wengi, na wanatembea pamoja.

Akaweka kisu chini.

"Mwana wange," alisema, "mimi nitatembea na nani?"

Jibu lilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka alipo, na jibu lilikuwa: na mimi. Mimi niliyezoea kuwatilia maneno watu waliokaa kimya sikuweza kulitoa. Niliwaza ukoo, niliwaza baba mdogo, niliwaza na kazi zilizonisubiri Buhembe. Mama akanawa mikono, akaniambia niende kwa baba mdogo nikamwambie achague siku.

Nikaenda.